Jinsi Pikapu ya Verlin Stroud Ilivyoingia Mtoni

Si kweli kwamba Verlin Stroud alilitosa gari lake mtoni ili alipwe bima. Maneno hayo yalianzia kwenye mgahawa wa mji wa Harlow, yakapita posta, yakafika hadi kwenye ngazi za kanisa siku ile ile aliyozikwa, Aprili iliyopita. Mjane wake, Leota, aliyasikia kwa masikio yake mwenyewe akiwa ameshika sahani ya mkate wa mdalasini aliyoletewa na yule yule aliyekuwa akiyasema. Bima aliyokuwa nayo Verlin ilikuwa ile ya lazima, ya kumlipa mtu mwingine ukimgonga. Kwa pikapu iliyozama haikutoa hata senti, na Verlin hakuiomba. Si kweli pia kwamba alikuwa amelewa. Pikapu ilipoingia mtoni hakukuwa na mtu kwenye usukani, mlevi wala asiye mlevi. Ilikuwa inakwenda yenyewe.

Anayecheka hapo hajawahi kulisha ng'ombe wa jimbo la Wyoming, Marekani, wakati wa baridi. Theluji hufunika malisho kuanzia Novemba hadi Aprili inapokwisha, na muda wote huo ng'ombe mia mbili na kumi wa Stroud walingoja nyasi kavu kila asubuhi, Krismasi ikiwemo. Kazi ni ya watu wawili. Mmoja anaendesha polepole kuzunguka uwanja, mwingine amesimama nyuma juu ya marobota ya nyasi, anakata kamba na kutupa nyasi pembeni, na ng'ombe wanafuata wakijipanga mstari mrefu nyuma ya gari. Kwa majira thelathini na manne ya baridi, mwendeshaji alikuwa Leota. Alilisha alfajiri, kisha akaenda kufundisha katika shule ya Harlow, na nusu ya wanaume wa bonde lile walijifunza kusoma kwa mwalimu mwenye vipande vya nyasi kwenye nywele.

Mtu akibaki peke yake, kuna njia nyingine. Anafunga usukani kwa kamba ya marobota, anaweka gia nzito, anashuka gari likiwa linatambaa, anarukia nyuma na kuanza kutupa nyasi. Wafugaji wote wa bonde lile hufanya hivyo. Hakuna hata mmoja anayekiri mbele ya mkewe.

Verlin alizaliwa mwaka 1953 katika chumba cha juu cha nyumba ambayo Leota anaishi mpaka leo. Babu yake, Asa, alifika pale na farasi wanne wa kazi na jiko la chuma. Baba yake aliwauza farasi wa mwisho Verlin akiwa na miaka tisa, akaleta pikapu ya kwanza, na mtoto alipanda juu ya uzio kuwatazama wakipakiwa. Hakulia, au hakukubali kwamba alilia. Tangu siku hiyo akawa mtu wa magari. Alibadilisha pikapu moja baada ya nyingine, kila moja kubwa kuliko iliyotangulia, mpaka mwaka 2014 alipoleta ile nyeupe ya milango minne, yenye magurudumu manne nyuma na injini ya dizeli iliyotetemesha vikombe kabatini. Leota hakuweza kuipanda bila kusukumwa. Verlin akamtengenezea ngazi ya chuma na kuipaka rangi nyeupe, ifanane.

Kiangazi cha mwaka 2022 bei ya dizeli ikavuka dola tano kwa galoni, na mazungumzo ya jikoni yakabadilika.

"Unakwenda wapi, Verlin?"

"Posta."

"Kuchukua nini?"

"Barua."

"Barua moja. Kwa hiyo unatuma tani tatu na nusu za chuma zikaibebe."

"Je, ikiwa nzito?"

"Gari langu dogo liko pale nje, lina mafuta."

Verlin alivaa kofia yake. "Nikienda na lile, kabla sijafika posta watu watakuwa wamesema nimeuza hili."

Jina la Stroud Leota alilipiga pasi kila Jumapili pamoja na shati la mumewe, na alijua fika kwamba ndivyo watu watakavyosema.

Kule mgahawani nako hali ilikuwa ile ile. Nje wanaume waliegesha magari yaliyokaribia ukubwa wa nyumba, ndani walilia kuhusu bei ya mafuta. Boyd Tranter, jirani yao wa upande wa kaskazini, alikuwa na pikapu mpya kuliko zote.

"Wewe Boyd, huna ng'ombe tangu mwaka juzi," Verlin alimwambia. "Unabeba nini kwenye lile gari?"

"Nabeba heshima, mzee."

"Nilimwona mkeo. Alikuwa amebeba katoni moja ya mayai."

"Hayo mayai yalifika salama au hayakufika?"

Wote wakacheka, wakalipia kahawa zao, wakawasha injini nane kwa pamoja, kila mtu peke yake ndani ya gari lake.

Mwezi wa Desemba Leota alifanyiwa upasuaji wa nyonga. Daktari alimkataza kupanda ngazi yoyote kwa miezi mitatu, hata ile nyeupe. Binti yao, Corrine, ambaye ni muuguzi huko Denver, alipiga simu kila jioni, na kila jioni alimaliza na jambo lile lile.

"Baba, wauze hao ng'ombe. Una miaka sitini na tisa. Unalisha peke yako, na Mama hawezi hata kuja kukutafuta."

Walikuwa ng'ombe wa ukoo wa wale wa Asa, wekundu wenye nyuso nyeupe. Verlin aliwajua kwa mama zao na bibi zao. Alimjibu kama mtu anayetia saini. "Nikishindwa kuwalisha mwenyewe mpaka nyasi ziote, nitawauza wote. Sitaajiri mtu wa kunishikia usukani nikajiita mfugaji."

Corrine alikubali, maana alijua baba yake hasemi asichokusudia. Leota naye alijua, na hilo ndilo lililomnyima usingizi.

Asubuhi ya tarehe kumi na tisa Januari, Verlin alifunga usukani, akaweka gia nzito, akarukia nyuma. Leota alikuwa kwenye kiti chake dirishani. Karibu na pale mto unapopinda, gurudumu la mbele liligonga tuta la barafu na kamba ikakatika. Verlin aliona pua ya gari ikigeuka. Aliruka chini ili aiwahi, theluji ikamfika mapajani, akaanguka, akainuka, akaanguka tena. Pikapu haikuwa na haraka. Ilikwenda mwendo wa mtu anayeelekea kanisani, ikashuka ukingoni, ikasimama kidogo juu ya barafu kana kwamba inafikiri, kisha barafu ikapasuka na ikazama mpaka kwenye vioo, injini bado inanguruma chini ya maji. Ng'ombe walitazama mara moja, wakarudi kwenye nyasi zao.

Verlin aliingia jikoni amelowa theluji mpaka shingoni.

"Nimeona," Leota alisema.

"Ningekuwa mbele yake..." Wote wawili walijua lile gari lisingesimama kwa ajili yake.

Boyd Tranter alikuja kabla ya saa sita mchana. Alilisha ng'ombe wa Stroud kwa siku nne kwa gari lake na dizeli yake, na liandikwe hapa kwamba hakutaja gharama. Utani ndio hakuuacha.

"Limekunywa dizeli miaka minane, Verlin. Likaona libadilishe kinywaji."

"Lilikuwa na kiu."

"Sasa utanunua lipi?"

"Nitajua kesho."

Kesho yake alichukua gari dogo la Leota, akaendesha kwa saa mbili kuelekea kusini, hadi kwa Alvah Nygaard, mzee wa miaka themanini na sita aliyekuwa bado analisha kwa farasi kama zamani. Alvah naye alikuwa anaacha kazi. Verlin alirudi, na nyuma yake lilikuja lori la kusafirishia mifugo. Humo mlikuwa na farasi jike wawili wa kijivu, Fern na Tillie, kila mmoja akiwa na kifua kipana kama mlango wa ghala, na sleji, jukwaa la mbao juu ya vyuma virefu vya kuteleza kwenye theluji.

Harlow ilikuwa na kicheko kwa wiki nzima. Waliuliza kama farasi wana redio. Waliuliza wanakunywa kiasi gani kwa maili. Wengine walisema, kwa sauti ya chini, kwamba sasa ni dhahiri Stroud hana fedha, na Leota alipofika posta na fimbo yake walinyamaza wote. Aliwapa salamu, akachukua barua yake, akaondoka akiwa amenyoosha mgongo kuliko nyonga ilivyopenda.

Hofu yake haikuwa kicheko. Hofu yake ilikuwa kwamba mumewe, ambaye hakuwa ameshika hatamu tangu utotoni, sasa atakuwa peke yake uwanjani na viumbe wawili wa kilo mia nane kila mmoja.

Asubuhi ya kwanza baridi ilikuwa ya digrii thelathini chini ya sifuri. Leota alivuta kiti mpaka kioo kikapata ukungu wa pumzi yake, akakifuta kwa mkono. Aliona Verlin akiwavisha farasi lijamu na mikanda ya kuvutia sleji, akisita, kisha vidole vyake vikienda vyenyewe kwenye kila mkanda na kila kifungo, kwa mpangilio aliofundishwa na Asa akiwa hajafika kimo cha tumbo la farasi. Miaka sitini mikono ile ilikuwa imelihifadhi jambo lile bila kumwambia mwenyewe. Leota, aliyefundisha watoto elfu moja na kuamini kwamba kisichorudiwa husahaulika, aliweka kikombe chini.

Verlin alifunga hatamu kwenye nguzo ya mbele ya sleji kama Alvah alivyomwelekeza. "Usiwaongoze," mzee alikuwa amesema. "Wewe tupa nyasi. Wao wanajua." Aliwaambia neno moja na sleji ikaondoka.

Hapakuwa na mngurumo. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ndoa Leota alisikia kazi ile ilivyo: vyuma vikilia juu ya theluji kavu, minyororo, pumzi za ng'ombe mia mbili zikitoka kwa pamoja. Alifungua dirisha ili asikie zaidi, baridi ikaingia jikoni, naye hakujali. Fern na Tillie walikwenda hatua sawa, vichwa vikishuka na kupanda pamoja. Walizunguka uwanja ambao hawakuwahi kuuona na kuchora duara pana, mbali na kingo za mto, na hakuna aliyewavuta kushoto wala kulia. Nyuma yao mstari wa nyasi ulilala kijani juu ya weupe, na ng'ombe wekundu wakajipanga juu yake mmoja mmoja. Jua lilikuwa linachomoza. Mvuke wa wanyama ulipanda ukageuka rangi ya dhahabu, na ndani yake alisimama mwanamume mmoja mwenye uma mrefu wa nyasi, akitupa.

Kisha akateleza.

Leota alimwona akienda chali pembeni ya sleji, miguu juu. Alisikia kishindo cha mwili. Alikuwa ameshasimama na fimbo mkononi kabla hajajua, akingoja kile chombo chenye tani mbili za marobota kiendelee mbele kama gari lilivyoendelea, kimburute au kimwache.

Farasi walisimama.

Hakuna aliyewaita. Verlin alikuwa ameanguka bila kutoa sauti, pumzi imemtoka. Walisimama wote wawili katika hatua ile ile, mguu wa Tillie bado umeinuliwa, kisha akaushusha taratibu. Fern aligeuza kichwa kadiri lijamu ilivyomruhusu, akatazama nyuma. Wakabaki hivyo, masikio yameelekea kwa yule mtu aliyelala kwenye theluji, na ng'ombe nao wakatulia. Leota alitoka nje kinyume cha amri ya daktari, bila koti. Alishuka ngazi tatu za baraza, akafika kwenye uzio, na hapo akasimama, kwa sababu aliona kwamba mumewe hajaumia. Alikuwa amelala tu, macho wazi, akiwatazama farasi wale wakimngojea.

Hatimaye Verlin akainuka. Alikwenda mbele akishikilia ubao wa sleji, akaweka paji la uso wake kwenye shingo ya Fern, mabega yakatikisika kwa muda mrefu. Akasema jambo. Hewa ya baridi kali hubeba sauti mbali, na Leota alisikia kila neno.

Majira yale ya baridi hakuna ng'ombe wa Stroud aliyekosa nyasi hata siku moja. Mwezi Mei nyasi zilipoota, Corrine alipiga simu, akauliza idadi, akaambiwa wote wapo, akazihesabu siku nne za Boyd kuwa ujirani, naye hakutaja tena kuuza. Verlin alilisha majira mengine mawili, peke yake. Haisemwi hapa kwamba magari makubwa hayana kazi. Kila vuli, ndama walipokwenda mnadani maili mia moja na ishirini, Verlin alikodi lori kubwa na kulilipia mafuta bila kunung'unika, na farasi walibaki zizini. Posta alikwenda na gari dogo, na watu walisema, na yeye aliacha waseme.

Boyd Tranter ndiye pekee aliyewahi kumwuliza Leota ana kwa ana. Ilikuwa baada ya mazishi, amevua kofia.

"Mwalimu, ulikuwa pale. Alimwambia nini yule farasi?"

"Nilisikia, Boyd."

"Basi niambie."

"Hapana."

Boyd alingoja, labda akidhani Leota ataongeza neno. Hakuongeza, na hapa pia halitaongezwa.