Boksi Tulilobuni Wenyewe

Heri niseme jambo hili mwenyewe kabla dada Neema hajalitangaza kwa ukoo mzima.

Dada ana duka hapa Moshi mjini. Anauza prosesa, yaani boksi linalogawa sauti ya filamu kwenye spika. Bodi ya ndani huinunua kiwanda kilekile wanakonunua wenye maduka madogo wenzake wote, kisha anairekebisha sauti isivume chini ya bati na kubandika jina lake.

Likizo hii aliniachia duka kidogo. Akaingia mama wa Marangu mwenye nyumba ya wageni, mteja wa kwanza wiki nzima. Mimi niliyefeli Fizikia nikajifanya mhandisi.

“Shikamoo mama. Hili tumebuni wenyewe, kuanzia skrubu mpaka bodi. Lile pale ni la mshindani wetu, limeletwa kutengenezwa. Takataka tu.”

“Marahaba. Hebu liwashe lenu.”

Nikabonyeza rimoti kwa madaha. Letu likawaka. La mshindani nalo likawaka. Nikaongeza sauti, yakapanda yote mawili. Nikazima, yakazimika pamoja kama mapacha.

Dada alikuwa amesharudi, kasimama mlangoni.

Mama akanigeukia taratibu. “Na lile takataka, mwanangu, nalo mmelibuni wenyewe?”