Dari ya Visanduku Nyumbani kwa Ryoba

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa fundi Ongeri Mochama ni kwamba hamsalimu mtu kabla ya kutazama juu. Alipokuja kututengenezea kabati ya vitabu shuleni, hapa Migori, alisimama mlangoni mwa chumba cha walimu, akayakagua mapaa kutoka pembe hadi pembe, ndipo akavua kofia na kutuuliza hali. Mwalimu mkuu alidhani ni kiburi. Baadaye nilielewa kwamba ni hamu ya miaka mingi.

Ongeri ni Mgusii wa miaka hamsini hivi, na ni Msabato. Ujana wake aliutumia Kisumu, akimshikia mbao seremala mmoja Mhindi aliyejenga dari katika nyumba ya tajiri wa pamba. Haikuwa dari bapa kama hizi tulizozizoea. Ilikuwa ya boriti zilizokatana na kuacha kati yao vishimo vya mraba, kila kimoja kama sanduku lililopinduliwa, kingo zake zimechongwa maua. Ongeri huiita dari ya visanduku. Aliapa kwamba siku moja ataijenga yake. Alipohamia Migori, watu wakamwagiza vitanda, viti na majeneza, miaka ishirini mfululizo.

Mwaka huu wa 1967 wazee wa kanisa lake wanamalizia kanisa la mawe, na wanataka dari ya heshima. Ongeri aliiomba kazi hiyo. Walimjibu kwa upole kwamba yeye ni fundi wa vitanda, na kwamba watamwita fundi kutoka Kisumu. Akawasihi waone kwanza kazi ya mikono yake. Mzee Kerosi, mkuu wao, alikubali, akataja siku: Jumapili, tarehe kumi na nne Mei. Dari ikiwapendeza, kazi ya kanisa ni yake. Isipowapendeza, asiulize tena.

Kilichobaki kilikuwa kupata nyumba ya kuijengea dari hiyo. Ryoba Mniko, Mkuria anayenunua ng'ombe katika mnada wa Ogwedhi, alikuwa amejenga nyumba ya mabati huko Kegonga, na aliposikia kwamba hakuna mtu mwingine katika Bukuria nzima mwenye dari kama hiyo, alimchukua Ongeri siku hiyo hiyo.

Taabu ilianza na chumba chenyewe. Ongeri alichora visanduku ishirini, safu nne za visanduku vitano, akakata boriti zote za safu ya kwanza sawasawa. Alipozipandisha, upande mmoja ziligusa ukuta na upande wa pili zikapungukiwa na shubiri nzima. Chumba hakikuwa na pembe mraba. Ryoba alikuwa amekipima mwenyewe kwa hatua zake, kama baba yake alivyopima boma la ng'ombe, na boma la ng'ombe halihitaji pembe. Ongeri alimweleza kwa adabu kwamba ukuta mmoja umekimbia. Ryoba aliutazama ukuta, akamtazama fundi.

"Ukuta wangu haujaenda mahali, fundi. Nimelala hapa miezi miwili, sijaona ukiondoka."

Basi Ongeri akaubeba upotovu huo peke yake. Aliweka ukingo wa mbao kuzunguka chumba, mwembamba upande huu na mpana upande ule, ili macho yasigundue. Kazi hiyo ilimlia siku sita ambazo hakuwa nazo. Kwa haraka ya kuzifidia, alinunua mbao zilizopasuliwa wakati wa mvua, akijua kwamba hazijakauka vizuri. Aliniambia jambo hili mwenyewe, bila kuulizwa, na nadhani ndilo linalomuuma zaidi.

Ijumaa moja ya Aprili, visanduku kumi na viwili vikiwa vimekwisha kupandishwa, alirudi Migori kwa ajili ya Sabato kama kawaida yake. Mvua ikakata barabara. Kwa siku nane hapakuwa na lori la kwenda Kegonga. Lilipopatikana nilifuatana naye, kwa kuwa shule ilikuwa imefungwa na nilitaka sana kuiona dari hiyo.

Tulisikia harufu ya moshi kabla ya kufika mlangoni. Ndani, katikati ya sakafu, moto wa kuni ulikuwa ukifuka taratibu, madirisha yamefungwa, na kando yake ameketi Robi, mama yake Ryoba, akiongeza majani mabichi ili moshi uwe mzito. Mbao nyeupe za dari zilikuwa zimegeuka rangi ya chai iliyochemka mno. Viungo vilikuwa vimefunguka, hata kidole kingeweza kupita. Vifuniko vinavyoziba visanduku kwa juu vilikuwa vimejikunja kama majani ya ndizi juani.

Robi alisimama kumpokea. Kikuria na Kigusii ni ndugu, kwa hiyo hawakuhitaji mkalimani; maneno yao Ongeri alinitafsiria baadaye.

"Nimekusaidia, mwanangu," alisema bibi. "Nyumba isiyo na moshi huliwa."

"Mama, hizi si nyasi. Hizi ni mbao."

"Na mchwa anajua tofauti?"

Katika nyumba za nyasi, za Wakuria na za Wagusii pia, ni moshi wa mekoni unaolinda paa na wadudu. Mama yake Ongeri mwenyewe alifanya hivyo maisha yake yote. Bibi alikuwa ameamka kila alfajiri, siku nane, akabeba kuni kwenye mvua kwa ajili ya kazi ya fundi ambaye hakuwepo. Mtu atamkemeaje? Ongeri alimshukuru. Kisha akatoka nje, akafunga kipande cha ubao kwenye meza yake, akakipiga randa mpaka kikawa maranda matupu.

Jerusha, mke wa Ryoba, alimfuata akaomba radhi. Alisema alijaribu kumzuia, lakini mkwe hamwambii mamavyaa azime moto. Ryoba naye aliporudi kutoka mnadani alisimama chini ya dari mikono kiunoni.

"Sasa hii ni dari, ama ni mahali pa kukausha samaki ya Karungu?"

Watu waliokuwa naye walicheka. Ongeri alikwisha kupanda ngazi na alikuwa aking'oa misumari.

Amevishusha visanduku vyote kumi na viwili. Amevipiga randa upya kimoja kimoja, akaziba nyufa kwa vibanzi vilivyopakwa gundi, akanyoosha vifuniko kwa mawe mazito. Anakiri kwamba moshi ulifichua tu ubovu uliokuwamo. Mbao hizo zingejikunja hata hivyo, labda baada ya mwaka, labda juu ya vichwa vya wazee. Hilo halimpunguzii hasira. Juzi Ryoba alimshauri afanye kazi Jumamosi hii ili amalize, kwa kuwa Mungu naye huona barabara ilikuwa mbaya. Ongeri alimuuliza ataombaje kazi ya nyumba ya Mungu kwa kuivunja siku yake. Ryoba akamwambia basi amalize Ijumaa, na asimlaumu mtu.

Leo ni Alhamisi. Kumi na saba vimepandishwa. Vitatu vya mwisho vimeondoka naye Migori alfajiri juu ya lori la Kegonga, vimeviringishwa katika blanketi za mke wa Ongeri, Kemuma, ambaye hakuulizwa. Ongeri ana leo, na kesho hadi jua litue, Sabato inapoanza.

Jana jioni mzee Kerosi alipita karakanani kwa Ongeri, hapa Migori, na habari mpya. Wazee hawatakuja peke yao. Yule fundi wa Kisumu amekwisha kuwasili Migori, nao watakwenda naye Kegonga ili avipime viungo kwa mkono wake na kuwaambia ukweli. Nilikuwa nimekaa pale na nikatazamia Ongeri angelalamika. Aliweka patasi chini, akauliza watafika saa ngapi.

"Saa nne," alijibu mzee Kerosi.

Lori la Jumapili huondoka sokoni saa kumi na mbili asubuhi. Nimekwisha kumwomba dereva aniwekee nafasi.