Ngao ya Dorika

Mume wangu Apolinari anakusanya takataka za watu waliokwisha kusahauliwa, na mimi ndiye ninayezifuta vumbi. Zamani kampuni ya santuri ikiuza nakala nyingi za wimbo fulani, ilichukua santuri moja, ikaipaka rangi ya dhahabu, ikaitia kwenye fremu ya kioo pamoja na kibati chenye jina la mwimbaji, ikamkabidhi mbele ya wapiga picha. Hizo ndizo ngao za mauzo. Sebuleni kwetu hapa Kambarage zimejaa ukuta mzima. Nyuma yake wanazaliana mende, na mjusi hunya juu ya majina ya watu wazima. Tena kwa kuwa huku kwetu kila mtu ana ndugu anayechimba dhahabu shimoni, hakuna mgeni anayekaa bila kuinuka na kuuliza ina karati ngapi. Akiambiwa ni rangi tu, anamtazama mume wangu kwa huruma, kisha ananitazama mimi kwa huruma zaidi.

Kazi inayotulisha ni kukodisha spika: harusi, misiba, mikutano. Popote anapofunga nyaya zake, Baba Aneth, ndivyo ninavyomwita mume wangu, huuliza kama kuna mtu ana ngao ya zamani.

Aliyoitafuta kuliko zote ni ya Dorika, bibi mmoja wa Nyahanga, kule Kahama, aliyeimba bendi ujanani. Siku ileile aliyokabidhiwa ngao yake, kiongozi wa bendi aliichukua "kuitunza", baadaye akaiuza kwa mwenye baa. Bibi hakubaki na santuri hata moja.

"Wajukuu zangu wanasema nawadanganya," alimwambia mume wangu. "Nataka wanisikie kabla sijafa."

Baba Aneth akaahidi. Na yeye akiahidi, nyumba nzima imeahidi, hata tusioulizwa.

Mwaka jana tulikodiwa Segese, kwenye sherehe ya Raphael, mfanyabiashara anayewauzia wachimbaji pampu na majenereta. Mezani kulikuwa na zawadi ya mgeni rasmi, imefunikwa kitambaa. Upepo ukakiinua, nikamwona mume wangu ameacha nyaya anakwenda moja kwa moja mezani. Ilikuwa ngao. Juu ya kibati walikuwa wamebandika karatasi ya kung'aa: "Kwa shukrani, mgeni wetu rasmi." Akaibandua kwa ukucha. Chini yake palikuwa na jina la Dorika.

Mimi niliyezichukia hizo fremu tangu nilipoolewa, siku hiyo nilitamani kumtemea mtu mate.

"Mzee, hiyo ni fremu tu," Raphael alisema, wala hakuona aibu. "Niliipata baa moja ikibomolewa. Mgeni atajuaje?"

"Sawa," mume wangu akamjibu. "Basi mgeni na ahutubie kwa mdomo wake mwenyewe." Akachomoa waya.

Walimbembeleza, wakamtukana, wakambembeleza tena. Mwishowe wakatuachia ngao, mtu akatumwa dukani, na mgeni rasmi akapewa saa ya ukutani. Alishukuru sana, akawapungia watu nayo kana kwamba ni kombe.

Siku ya pili tulikuwa Nyahanga asubuhi, tumebeba ngao na mashine ya kupigia santuri.

"Shikamoo, mama," mume wangu alisema.

"Marahaba, mwanangu." Aliipokea ile fremu kwa mikono miwili. Kisha akashukuru kwa kilugha, "wabeja, wabeja," na kuwaita wajukuu wote wakae chini.

Baba Aneth alifungua skrubu, akaitoa santuri kama anayemtoa mtoto mchanga kitandani, akaiweka kwenye mashine. Ikakwaruza kidogo. Halafu ikatoka sauti ya mwanamume anaimba habari za sabuni. Sabuni ya kufulia, inavyotoa povu, inavyong'arisha mashati. Tulikaa tunasikiliza mpaka povu likaisha, maana hakuna aliyekuwa na akili ya kuinua sindano.

Wajukuu wakacheka. Mmoja akauliza, "Bibi, huyo ndiye wewe?"

Hapo ndipo nilipoielewa ile kampuni. Waliuza sauti ya huyu mama nchi nzima, na siku ya kumshukuru wakaokota tangazo lililokosa mnunuzi, wakalipaka rangi. Walijua hatalifungua. Uchafu wa Raphael ulikuwa afadhali. Yeye alibandika karatasi tu.

Mume wangu alianza kuomba radhi kwa kosa lisilo lake. Dorika akamnyamazisha kwa mkono, akamwomba bisibisi. Alikifungua kile kibati mwenyewe, akakipangusa kwa khanga.

"Hiki ni changu," alisema. "Nikifa mkipigilie msalabani, kimeandikwa vizuri. Hayo mengine mrudishieni mwenye sabuni."

Tangu turudi, Baba Aneth hajatafuta ngao nyingine. Juzi nilimkuta sebuleni amesimama na bisibisi, anaitazama ngao ya mpiga gitaa anayemheshimu kuliko wote. Nilimnyang'anya. Nikamwambia akaoge, chakula kiko tayari, naye akaenda bila kubisha.

Mimi nikachukua kitambaa. Siku hizi nafuta vibati tu, jina moja moja, mpaka yasomeke. Dhahabu nawaachia mende.