Siku Tisa Bila Kugeuzwa

Nilikuwa nikimtunza mzee mmoja kule Nguba, katika nyumba kubwa inayotazama ziwa. Kiharusi kilikuwa kimemlaza na kumnyang'anya maneno. Nilimwogesha, nilimlisha uji kwa kijiko, na kila baada ya saa mbili nilimgeuza: ubavu wa kulia, mgongo, ubavu wa kushoto. Mgonjwa wa namna ile ukimwacha palepale, ngozi inaoza. Nililijua hilo tangu nilipomuuguza baba yangu mwenyewe.

Sentineli, mlinzi wa getini, alilipwa mara mbili ya mshahara wangu. Aliniambia yeye mwenyewe, akiona haya. Nikamwendea mtoto mkubwa wa mzee, aliyekuwa akitulipa sote, na ambaye tulimwita papa kwa heshima.

"Papa, naomba uniongezee kidogo."

"Maman, ule iko analinda nyumba. Weye unakaaka tu na muzee. Hata dada zangu banaweza kufanya vile."

Dada zake walikuja Jumapili, wakasimama mlangoni wakishika pua.

Mvua za Novemba zilipoanza, mdogo wangu alijifungua kwa upasuaji huko Kalehe, na hakukuwa na mwingine wa kumwangalia. Nikaomba ruhusa. Yule papa akasema sentineli atanishikia nafasi, na kwamba atamwongezea kitu kwa kazi hiyo. Alilisema mbele yangu, bila kusitasita. Nilimpeleka sentineli chumbani kwa mzee, nikamwonyesha jinsi ya kugeuza. Alimshika mzee kama mtu anayeshika chupa iliyopasuka. Mzee aliniangalia wakati wote ule, na jicho lake zima halikupepesa. Nikaenda.

Nilikaa siku tisa. Njia ilikatika kwa matope, na kila nilipopiga simu niliambiwa, "Muzee iko muzuri, analala tu."

Analala tu. Neno hilo lilinikosesha usingizi.

Niliporudi, madirisha ya chumba chake yalikuwa wazi, na mvua ilikuwa ikiingia. Walikuwa wamepuliza manukato. Chini ya manukato kulikuwa na harufu nyingine, ambayo niliitambua kabla sijafika kitandani. Nikamgeuza. Juu ya kiuno nyama ilikuwa nyeusi, na katikati niliona mfupa.

Sentineli alisimama nyuma yangu. "Nilimulisha kila siku, maman. Niliogopa kumuvunja."

Nilimwamini. Kumlisha alikuwa amemlisha kweli.

Muuguzi alikuja na sindano, lakini mzee alikuwa ameshashikwa na homa, nayo haikushuka. Siku ya nne mzee alifariki, mkono wake ukiwa ndani ya wangu. Nilimwosha mimi, kwa kuwa hakuna mwingine aliyetaka kuuona mgongo ule. Kwenye matanga watu walimpongeza mtoto wake kwa jinsi alivyomtunza baba. Hakuniangalia.

Baada ya mazishi akaniita. Mama yake, mjane wa mzee, naye alikuwa ameanza kupotewa na akili: alikuwa akitoka nje bila viatu, akimwuliza kila mtu mzee amekwenda wapi.

"Utabakia na yeye, maman?"

"Kwa mushahara wa sentineli. Na nikitoka, mwenye atashika nafasi yangu nitamufundisha kwanza wiki muzima mbele ya kuenda."

Nilijitayarisha kubishana. Yeye aliitikia kwa kichwa tu, akakubali. Nikaogopa kuliko siku ile ya kidonda, maana nilielewa kwamba hata siku ile ya kwanza nilipomwomba angeweza kuniongezea.

Nilibaki. Jioni ile nilimlaza mama yake ubavu wa kulia, akiitazama mvua.