Ukungu Uliokataa Kuondoka

Kwa miaka kadhaa nimelikana jambo hili mbele ya ndugu, mbele ya wanafunzi wangu, na mara moja hata mbele ya padri ambaye hakuwa ameniuliza: niliamini kwamba nimewekewa sumu. Sisemi kwamba nilishuku kidogo. Niliamini kabisa, mimi niliyesoma chuo kikuu na kuandika kurasa nyingi nikiwacheka watu wanaoogopa karuho, ile sumu ya polepole ambayo kwetu Butembo inasemekana humla mtu kifua mpaka zibaki nguo.

Imani hiyo niliipatia India. Mama mmoja wa Beni, mjane, muuza vitenge, alikuwa akitafuta mtu wa kumsindikiza kununua mali na kumsaidia kwa Kiingereza. Tulikuwa tumekutana mara mbili tu, kwenye harusi za watu wengine. Nilikubali kwa sababu nilitaka kuona dunia, na kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kukitaka Kiingereza changu.

Asubuhi ya kwanza nilifungua dirisha la chumba chetu nikakuta nje kweupe. Nyumba ya ng'ambo ya barabara haikuwepo. Nilifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu ugenini. Kwetu ukungu huamkia juu ya vilima, baridi na safi, na mama zetu hufungua milango ili watoto wauvute, wakue na kifua kizuri. Jua likipanda unaondoka wenyewe. Basi nilitoa kichwa nje, nikavuta pumzi kwa kinywa wazi, kama mtu anayekunywa maji ya chemchemi. Ulinuka tairi linaloungua. Nikajiambia kuna mtu anapika.

"Mama, funga hiyo dirisha!" mama wa Beni alisema nyuma yangu.

"Acha hewa iingie, mama. Ni brouillard tu, itaondoka."

"Brouillard gani inanuka pneu? Funga, nakuomba."

Alifunga mwenyewe. Kisha akalowesha taulo akaliweka chini ya mlango, akachukua ile scotch aliyoileta ya kufungia vifurushi, akaibandika kuzunguka dirisha lote. Nilikaa kitandani nikimtazama. Nilijiuliza ni mtu wa namna gani anayetaka chumba kisichotoa hata sauti nje.

Saa sita mchana ukungu ulikuwa bado upo. Jua lilikuwa limepanda, tuliliona kama kiini cha yai bovu, na ukungu haukumjali mtu.

Siku ya pili alininywesha chai. Alikuwa na thermos yake ya kutoka Beni, na ndani tangawizi na majani aliyoyajua yeye. Hapa lazima niseme jambo ambalo mtu wa kwetu hahitaji kuambiwa: anayekupa kinywaji hukionja kwanza, na chupa hufunguliwa machoni pako. Tunasema ni adabu tu. Tunasema haihusiani na sumu. Mama huyu alimimina kikombe, akanipa, akakaa.

Nilingoja.

"Kunywa, mama, inapoa."

"Na wewe?"

"Mimi nitakunywa nyuma."

Nyuma, yaani baada yangu! Nilikitazama kikombe. Ningekataa, ningekuwa nimemwita mchawi usoni, mimi niliyeandika yale yote. Nilikunywa, kwa ajili ya elimu.

Kijana wa mapokezi ya hoteli alikuwa akitungoja kila tukitoka. Simu yake ilikuwa na kitu kinachoonyesha hali ya hewa kwa rangi, na rangi ya siku zile ilikuwa zambarau, iliyopita hata nyekundu. Alituonyesha, akatikisa kichwa, akatoa barakoa mbili. Mimi na mama wa Beni tulitazamana. Watu wawili waliopitia Ebola mahali petu hawapokei barakoa hivi hivi.

"Huyu anataka kutuuzishia," nilisema.

"Nani atavaa cache-nez? Wakati wa Ebola nilikatala, na kule kulikuwa kufa kweli. Leo nivae ju ya moshi?"

Katika hilo peke yake tuliaminiana. Tukaenda sokoni pua wazi. Macho yalipotuwasha tulijifunika kwa pembe ya kitenge, mpaka muuzaji wa vitambaa akacheka, akijua kuliko sisi jinsi kitambaa kinavyopitisha hewa.

Nikaanza kukohoa. Mama aliongeza chai. Kadiri nilivyokohoa ndivyo alivyoikoleza, na kadiri alivyoikoleza ndivyo nilivyokohoa. Hesabu ilikuwa rahisi mno, nikaona haya jinsi jibu lilivyonijia haraka. Tulipoachana nyumbani alinishika mikono miwili. "Wasingya, mama," aliniambia, asante, kwa Kinande. Nami nilikuwa natazama kucha zake, maana kwetu wanasema sumu hufichwa chini ya ukucha.

Kikohozi kilinifuata Butembo. Kilima cha nyumbani kwangu, ambacho nilikuwa nakipanda huku nikigombana na watu, sasa nilikipanda kwa vituo, nikijifanya nasalimia kila mlango. Usingizi nililala nimeketi. Nguo zilianza kunipwaya. Hospitalini walinipiga picha ya kifua. Daktari, kijana aliyetumwa huku kutoka mkoa mwingine, aliniuliza nimesafiri wapi. Nilipomtajia ule mji alitingisha kichwa kama yule kijana wa mapokezi. Picha ni safi, alisema, ni njia za hewa tu zimechokozwa na ule moshi, zitachukua muda. Akaniandikia pompe ya dawa ya kuvuta kinywani. Nilimshukuru nikaiweka kwenye mkoba. Moshi? Sisi tumezaliwa juu ya makaa, tumekua tunapuliza moto kwa midomo, leo moshi wa watu wengine ndio utuue?

Kaka yangu mkubwa, anayeuza vipuri vya pikipiki, hakuhitaji pompe.

"Radio ya kifua, ile picha, haikuonyesha kitu?"

"Hakuna kitu, yaya," nilimjibu, maana yaya kwetu ni ndugu mkubwa.

"Basi ni mutu."

Kwetu ndivyo ilivyo. Kikionekana hospitalini ni ugonjwa, kisipoonekana ni mtu.

Jumapili baada ya misa alikuja na bidon, dumu dogo la mganga mmoja wa upande wa Kalunguta. Dawa ya kutapika, nyeusi, ilinuka kama mtaro. Mganga alikuwa na sharti moja tu: haifanyi kazi mpaka mgonjwa ataje mkono uliompa kikombe.

"Taja tu, dada. Jina moja."

"Ukishalipata utafanya nini nalo?"

"Mimi? Hapana kitu. Nitasema tu kwa bandugu."

Nilijua maana ya kusema tu kwa ndugu. Jina likitoka asubuhi kwenye kituo cha pikipiki cha Butembo, jioni limefika Beni kabla mwenyewe hajalisikia. Nilishaona duka la mwanamke mmoja likiteketea kwa jina la namna hiyo, na majirani zake, watu wa sala, wakiwa wamesimama na mikono nyuma. Mwenyewe alikimbilia Kanyabayonga na hakurudi. Niliyajua yote. Na bado jina lilikuwa mdomoni mwangu, limekaa vizuri, kama peremende.

"Mais wewe," kaka alisema, "na diplome yako yote. Mutu anakupatia chai, haionji, na unakunywa! Hata mbuzi inanusa mbele ya kula."

"Sikutaka kumwaibisha."

"Basi kufa na heshima. Nani?"

Nilikohoa badala ya kujibu. Aliimimina dawa kwenye kikombe, akakisukuma mbele yangu. Nilivuta pumzi kidogo niliyoweza. Nilikuwa nasema. Nakiri hata hilo: silabi ya kwanza ilikuwa imeshatoka.

Simu ikaita. Kaka aliona ni nani kwenye kioo kabla yangu, akalisoma jina lote, taratibu, akamalizia silabi zilizobaki.

"Ndiye huyu? Weka haut-parleur, sote tusikie."

Niliweka. Hakukuwa na salamu. Kulikuwa na pumzi inayokwaruza, kisha kikohozi kirefu, kikavu, chenye filimbi mwishoni. Nilikifahamu. Nilidhani ni changu kinanirudia kwenye laini.

"Mama wa Butembo," alisema alipoweza. "Niko hapa na bashemeji yangu. Banakusikia. Niambie kweli mbele ya Mungu. Ile machungwa ulinimenyea kule, uliweka nini ndani?"

Machungwa. Nilikuwa nimeyasahau kabisa. Nilifungua mdomo kujitetea, kikatoka kikohozi. Kilianza kwangu, akakidaka yeye, tukaenda hivyo, kila mmoja akimpokea mwenzake. Huku kaka yangu aliangalia kikombe cha dawa. Kule nilisikia mwanamume akiuliza kwa sauti ndogo, "Ni nani anakohoa sasa, ni wewe ao ni yeye?"

Halafu mama wa Beni akapumua.

"Aa," alisema. "Na wewe pia?"