Pete ya Jua Langoni mwa Kambi

Kambi yetu ya polisi ilinuka rangi ya viatu na makaa. Asubuhi, kabla jua halijapata nguvu, kwenye kila mlango palikuwa na mwanamke ameinamia pasi, akipuliza majivu yasidondokee kaptula ya kaki ya mumewe, na kwenye kila kizingiti palikuwa na mwanamume akisugua buti mpaka aone meno yake ndani ya ngozi. Nyumba zenyewe zilikuwa vibanda vya bati vya mviringo, safu juu ya safu kwenye mteremko, na mvua iliponyesha hatukusikilizana. Nilizaliwa humo. Baba alikuwa sajini, mtu wa kaskazini, mrefu na mkimya, mwenye mguu wa kushoto ulioburuza kidogo tangu alipouvunja akimkimbiza mwizi. Mama alikaanga mandazi na kuyauza kwa wake wengine wa kambini. Jirani yetu wa mlango wa pili alikuwa Mama Zubeda, Mnubi aliyekulia mtaa wa Kisenyi, mjini, mke wa konstebo wa barabarani. Kwetu ndani tuliongea lugha ya kaskazini, lakini mlango ukifunguliwa tu tuliingia katika Kiswahili cha kambi, kile kisichojali ngeli, ambacho baadaye mwalimu wangu alikinyoosha kwa fimbo.

Nilikuwa na miaka tisa wanajeshi walipokuwa wameshatawala kwa mwaka mmoja na zaidi. Mtoto hapewi habari. Huzikusanya mwenyewe kama anavyookota vifuniko vya soda. Nilizikusanya kwenye paredi. Zamani, majina yaliposomwa uwanjani, kila jina lilijibiwa kwa sauti moja fupi, na sisi watoto tulicheza tukiigiza majibu hayo nyuma ya choo. Kisha yakaanza majina yasiyojibiwa. Lori la jeshi lilikuja mchana kweupe, baada ya chakula, likaegeshwa mbele ya ofisi, wanaume watatu au wanne wakaitwa waende kutoa maelezo fulani, na hawakurudi kuvua buti zao. Wote walikuwa wa kwetu, wa kaskazini, alikotoka rais aliyepinduliwa. Wake zao walikwenda hospitali ya Mulago kuuliza kwenye chumba cha maiti, wakarudi wakiwa wamefunga midomo kwa ncha za leso. Ikatoka amri kwamba polisi wa makabila yetu wasivuke lango la kambi mpaka waitwe. Walihesabiwa asubuhi, wakahesabiwa tena saa kumi. Wanawake na watoto tuliruhusiwa kwenda sokoni na mferejini. Baba aliendelea kusugua buti zake kila siku, ingawa hakuwa na pa kwenda nazo, na Mama alizipiga pasi kaptula zile zile. Hawakugombana. Ningefurahi kama wangegombana.

Langoni waliwekwa askari wawili wa jeshi, na kizuizi cha boriti kilichoinuliwa kwa kamba. Mmoja alikuwa koplo wa makamo, mvutaji sigara, ambaye hatukuthubutu kumtazama. Mwingine aliitwa Saidi. Sidhani alikuwa ametimiza miaka ishirini. Kofia yake ilimpwaya mpaka masikioni. Siku moja nilipokuwa natoka mferejini na ndoo kichwani, aliniuliza kama nasoma shule. Nikasema nasoma. Akachungulia koplo alipo, kisha akaniambia taratibu, “Andika jina yangu hapa chini.” Nikatua ndoo, nikaandika SAIDI kwenye vumbi kwa kidole. Alilitazama jina lile kwa muda, akalifuata herufi kwa herufi kwa ncha ya buti. Tangu siku hiyo, kila nilipopita aliniandikia mwenyewe, kwa kijiti, herufi ya S ikiwa imegeuka nyuma, naye alinitaka nimsahihishe. Mama alipogundua alinifinya sikio. “Mbwa wa jirani hachezewi,” alisema. Lakini nilikuwa nimeshampenda kama mtoto anavyompenda mtu mzima anayemsikiliza.

Siku ninayoikumbuka ilianza kama nyingine, ila hapakuwa na upepo. Ulikuwa mwezi wa mvua ambazo zilikuwa zimekawia. Tangu saa tatu anga lilikuwa limefunikwa na utando mwembamba, mweupe, kama chandarua kilichofuliwa mara nyingi, na mwanga ulioshuka ulikuwa dhaifu, usio na joto, uliofanya nyuso za watu zionekane kama zimetoka kuugua. Saa sita, kivuli changu kikiwa kimejikunja chini ya miguu, Mama Zubeda alikuwa uani akisuuza mashuka meupe ya mumewe. Alikuwa ametia bluu ya kufulia kwenye karai, na maji yakawa meusi kama wino. Nilimsikia akisema, “Bismillahi,” akaacha kusuuza. Nilipokwenda kuchungulia, nikaona jua ndani ya karai, dogo na jeupe kama shilingi, na kulizunguka, mbali nalo, duara zima lisilo na pengo. Ukingo wa ndani wa duara ulikuwa mwekundu kama kutu, na anga lililokuwa katikati yake lilikuwa jeusi kuliko la nje, kana kwamba mtu alikuwa ametoboa mbingu kisima. Niliinua kichwa kutazama juu, akanipiga kibao cha shingo. “Utapofuka. Angalia kwa maji.”

Haikuchukua muda kambi nzima ikawa nje. Wanawake waliacha sufuria, watoto walipiga kelele, wengine walitazama kupitia vidole. Nje ya ua wa seng'enge, wauza ndizi walikuwa wamesimama barabarani, shingo zimekunjwa nyuma. Bibi mmoja alianza kusema kwamba kwao, jua likivaa pete, mkubwa wa nchi—na binti yake akamziba mdomo kwa kiganja, kwa nguvu, mpaka nikadhani amemuumiza. Nilielewa, bila kuambiwa na mtu, kwamba sentensi ile ilikuwa na lori ndani yake. Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja; miaka ile watu waliogopa kulisema wasije wakawa wao waliolileta.

Mama Zubeda hakuwa anatazama juu tena. Alikuwa anatazama lango. Koplo na Saidi walikuwa wametoka kwenye kivuli cha kibanda chao, wamejikinga macho kwa mikono, wanahangaika. Aliingia kwetu bila kubisha hodi. Baba alikuwa ameketi kitandani. “Baba Auma,” alimwambia, “vaa shati ya sokoni. Acha kofia, acha mkanda. Nikiweka karai chini, wewe tembea. Usikimbie. Nenda Kisenyi, nyuma ya gereji za malori, uliza kaka yangu. Sema mimi nimekutuma.” Baba alimtazama Mama. Mama alikuwa na mdogo wangu mgongoni, na alichofanya ni kuchukua shati msumarini na kumrushia. Mama Zubeda akanigeukia mimi. “Auma, shika karai upande ule. Ukifika pale, usigeuke nyuma. Hata ukisikia nini. Umesikia?” Nikasema nimesikia.

Karai lilikuwa zito, na maji yalinimwagikia tumboni yakanitia rangi ya samawati. Tulilibeba hadi upande wa ndani wa lango, tukalitua mahali ambapo mtu akiinama kulitazama ni lazima akipe kizuizi mgongo. “Njooni, wanangu,” aliwaita askari wale kwa Kiswahili chao, sauti yake ikiwa ya mama anayegawa uji. “Mukiangalia juu mutapofuka, halafu tutalaumiwa sisi. Kuja muone hapa.” Koplo alikuja. Saidi alikuja akapiga magoti. Maji yalitikisika, yakatulia, na duara likajiunga tena, na sasa palikuwa na nyuso nne pembezoni mwake: uso wangu, uso wa Mama Zubeda, na nyuso mbili chini ya kofia. Askari wote wawili walikuwa wanaogopa, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona kwamba nao wanaogopa.

“Hii maana yake nini, mama?” koplo aliuliza.

Lilikuwa swali ambalo jibu lake lingeweza kumuua mtu. Mama Zubeda alifuta mikono yake kwenye nguo. “Maana yake mvua,” alisema. “Mimi najua mvua tu.”

Hapo nikasikia changarawe. Hatua moja nzito, moja ya kuburuza. Moja nzito, moja ya kuburuza. Nilikuwa nimezisikia hatua hizo kila jioni ya maisha yangu, na nilidhani dunia nzima inazijua. Nilikaza macho kwenye maji mpaka yakaanza kuniwasha. Saidi alikuwa karibu nami sana. Nilisikia harufu ya jasho na mafuta ya bunduki. Nikaona, pembeni ya jicho, kichwa chake kikigeuka polepole kuelekea begani, kikasimama hapo. Sijui kilisimama muda gani. Koplo naye alianza kujinyoosha. Ndipo Saidi alipogeuza uso wake tena kwenye karai, akanyoosha kidole juu ya maji. “Afande, angalia,” alisema. “Iko na rangi nyekundu ndani.” Koplo akainama tena. Hatua zikapungua, zikawa sauti ya barabara, kisha zikawa si kitu.

Pete ilikaa angani karibu saa nzima, ikafifia upande mmoja, ikaliwa na wingu. Saa kumi majina yakasomwa, na jina la Baba halikujibiwa. Wanajeshi waliigeuza nyumba yetu juu chini, wakamwaga unga, wakampiga Mama makofi mawili mdogo wangu akiwa bado mgongoni. Mama alisema alimwacha mumewe kitandani alipotoka kuangalia jua kama watu wote. Mama Zubeda alipoulizwa alisema, “Mimi nilionyesha watu jua. Jua ni ya mtu?” Walimwacha kwa sababu alikuwa Mnubi na Mwislamu, kama wengi wa wakubwa wao, na kwa sababu koplo hangeweza kumshtaki bila kukiri kwamba yeye mwenyewe aliacha lindo lake akaenda kuchungulia karai. Ilihitajika shingo nyingine. Koplo alisema zamu ya kushika kamba ya kizuizi ilikuwa ya Saidi, na hilo lilikuwa kweli. Walimvua mkanda, wakamvua buti. Alisimama peku kwenye changarawe, kofia ile ikiwa bado kichwani, mpaka mtu mmoja akaiondoa kwa kofi. Tulikuwa tumepangwa pale, wanawake na watoto, tuone. Alinitazama, au alitazama upande wangu. Hakusema kwamba mama fulani alimwita. Hakusema kwamba mtoto fulani alibeba karai. Alipanda lori mwenyewe, na hatukumwona tena. Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Sikujua wakati ule kwamba kuna wanaokwenda zao namna hiyo.

Wiki iliyofuata Mama Zubeda alitutoa kambini kwa mafungu, kana kwamba tunakwenda sokoni, akatuficha Kisenyi kwa ndugu zake, katika chumba kilichonuka grisi. Mama alijifunga kama Mnubi, mimi nikaitwa Asha. Baada ya miezi kadhaa, kaka yake Mama Zubeda, dereva wa lori, alituletea habari kwamba Baba amevuka mpaka yu hai. Alirudi utawala ule ulipoanguka, mvi zimemjaa, mguu ukiburuza zaidi. Alijenga nyumba ndogo Kisugu, akafuga kuku, akaishi miaka mingi. Hakupenda kuzungumzia mchana ule, na mimi sikumuuliza mpaka alipokuwa mgonjwa.

“Baba,” nilimwambia, “yule askari kijana alikuona.”

“Najua,” alisema. “Nilikuwa nimefika kwenye boriti. Tulitazamana. Nikajua nimekufa. Kisha akarudisha macho yake kwa maji.” Alifumba macho, nikadhani amesinzia. “Niliporudi nilimtafuta kwao. Nilisafiri mara tatu. Kila nilipofika waliniuliza, Saidi yupi? Saidi mwana wa nani? Wapo wengi. Nikarudi.”

Nami pia sikulijua jina la pili. Nilikuwa nimemfundisha moja tu.

Mwaka jana pete ilionekana tena, saa sita mchana, juu ya Kisugu. Niliitwa nje na wajukuu. Barabara nzima ilikuwa imeinua simu, watu wa bodaboda walikuwa wamezima pikipiki, na kijana mmoja wa duka la dawa alitangaza kwa sauti kwamba hiyo ni dalili, wakubwa wajihadhari, na watu wakacheka wakarudi kwenye shughuli zao. Mimi niligeuka kutazama nani amesikia. Hakuna aliyekuwa anasikiliza. Mjukuu wangu mkubwa alinieleza alichofundishwa shuleni, kwamba ni chembe za barafu katika mawingu ya juu kabisa, zinaupinda mwanga, basi. Nikamwambia amefundishwa vizuri. Akaniuliza kwa nini basi, kila wanapotaja pete ya jua, mimi nanyamaza. “Bibi, mlikuwa mnaogopa kitu kidogo hivi?”

“Hatukuogopa pete,” nilimjibu. “Tuliogopa mtu atuulize maana yake.”

Alinitazama kidogo, kwa adabu, kama mtu anayesubiri sehemu iliyobaki. Kisha akaona wenzake wanaondoka, akaniaga, akawakimbilia.