Mbwa Aliyevaa Soksi za Babu

Enzi zetu viatu vilikuwa vya Idi. Ukishavivaa siku hiyo, mama anavifuta, anavifunga kwenye kitambaa na kuvitia chini ya kitanda hadi Idi nyingine, na ikifika hiyo Idi nyingine mguu umeshakua. Siku za kawaida sisi watoto wa Kikoneni tulikwenda shule miguu mitupu. Saa saba mchana tukirudi tuliruka kutoka kivuli hadi kivuli, mfukoni kipande cha muhogo wa kuchoma, na aliyesimama katikati ya njia kuwacheka wenzake alichekwa yeye, maana mchanga haukumwacha asimame.

Kwa hivyo wiki iliyopita, bibi ninayemfanyia kazi huku Diani aliponikabidhi viatu vinne vya mpira vya mbwa wake na kuniuliza, "Mama Riziki, kweli mbwa anavihitaji hivi?" nilivigeuzageuza mkononi. Kijana wa bustani, mtu wa bara, alicheka hadi akashika ukuta. "Mathe, hii dogi imenishinda viatu," akasema, tayari ametoa simu apige picha. Vijana wa leo hawajui kuona kitu kwa macho matupu. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimemkumbuka Waseme.

Waseme alikuwa mbwa wetu. Baba alimpa jina hilo kwa ajili ya majirani walionong'ona kwamba Mwislamu mzima anafuga mbwa. Alilala nje, chombo chake kilikaa mbali na vyetu, na akikulamba unaosha mara saba, moja kwa mchanga. Lakini bila yeye tusingekula. Shamba letu la mahindi lilipakana na msitu, na nyani wa pale walitujua mmoja mmoja. Wakimwona baba, wanarudi. Wakimwona mtoto wa kike, wanaingia wakitembea, bila haraka yoyote. Wakimwona Waseme, wanapanda miti.

Nilikuwa na miaka kumi, ni likizo, mahindi yameanza kukomaa. Jirani alikuwa amefukua tanuri lake la makaa, na Waseme, akimfukuza panya, akapita juu ya majivu ambayo chini yake moto ulikuwa bado hai. Nyayo za mbele zikababuka. Tangu siku hiyo akawa wa kulala tu chini ya dungu letu la kulindia shamba, akilamba miguu.

Jumatano asubuhi baba alimtazama, akasema, "Mpaka Ijumaa. Kama hajasimama kufukuza nyani, nitamtoa."

Hakuna aliyeuliza atamtoa kwenda wapi. Mbwa aliyekuwako kabla yake alitolewa kwa kamba kuelekea msituni, na kamba ikarudi peke yake.

Alhamisi mama alimpeleka mdogo wangu hospitali Msambweni, baba akaenda kupalilia shamba la pili. Nikaachwa juu ya dungu na debe la kupiga. Adhuhuri nikasikia mahindi yakivunjika. Walikuwa wengi, na mbele yao dume moja kubwa. Nikapiga debe, nikapiga kelele hadi sauti ikakauka. Dume likanitazama, likakaa chini, likaanza kumenya hindi mbele yangu. Waseme akainuka. Akakanyaga mchanga, akanyanyua mguu, akalia, akalala tena. Nikashuka nikaweka kiganja changu chini nione kuna nini. Sikuweza kukiacha hapo.

Nikakimbia nyumbani. Kivulini zilikuwa zimeanikwa soksi za babu, za ngozi, alizoletewa kutoka Maka. Visigino vya babu vilikuwa vimepasuka hadi nyama ikionekana, na maji ya udhu yalikuwa yakimtesa. Kwa soksi zile alinawa miguu mara moja tu kwa siku, adhuhuri, akazivaa, na swala zilizobaki hadi alfajiri akapangusa juu ya ngozi. Nilijua vizuri ninachokichukua. Nilikichukua.

Nikamvisha Waseme miguu ya mbele, nikafunga kwa pindo la leso nililolichana kwa meno. Alisimama akiitazama miguu yake kama ya mbwa mwingine. Kisha akaenda. Dume liligeuka likaonyesha meno, wakaingia wote wawili kwenye vichaka vya miiba, na nikasikia kilio ambacho sikujua ni cha nani. Nilipiga debe huku nikilia. Shamba likanyamaza. Nilisubiri muda ambao mpaka leo siwezi kuupima, hadi Waseme akatoka akichechemea, soksi moja mguuni, ya pili ikiburuzika, imetoboka.

Jioni baba alizikuta. Akashika kamba, na sikujua ni ya mbwa au ni yangu. Babu akaichukua soksi, akapitisha kidole kwenye tundu.

"Nani?"

"Mimi, babu."

"Mahindi yapo?"

"Yapo."

Akamgeukia baba. "Basi mbwa amesimama, Juma. Weka hiyo kamba."

"Zitaoshwa mara saba, baba," baba akasema, kwa sauti ya chini.

"Iliyotoboka haipangusiwi. Mwachieni mbwa, ndiye mwenyewe."

Waseme aliishi miaka minne zaidi. Lakini tangu alfajiri iliyofuata, nikiwa mkekani, nilisikia maji yakimiminwa uani na babu akivuta pumzi kwa uchungu. Kila alfajiri. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo lilinichoma zaidi. Nilijiapiza mshahara wangu wa kwanza utamnunulia nyingine. Alifariki nikiwa bado shuleni.

Yule bibi wa Diani nilimwambia aweke kiganja kwenye lami. Akakiweka, akakiondoa mara moja. "Ukishindwa wewe, naye ameshindwa," nikamwambia. "Asubuhi na jioni mwache atembee kwenye majani na miguu yake." Kisha nikapiga magoti nikamvisha mbwa viatu vyake, kimoja kimoja, kijana wa bustani akitupiga picha.

Zamani hatukuwa na viatu, si watoto si mbwa. Siku hizi kila kitu kipo. Kuna duka pale Ukunda, karibu na msikiti, wametundika soksi za ngozi kama zile, za kila saizi. Kila nikipita husimama. Saizi ya mguu wa babu naijua mpaka leo.